Mama, mchana nile wapi Lubumbashi nishibe na mshahara ubaki?

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa Kitanzania, kwetu Mbeya. Nililetwa Lubumbashi na kampuni ya usafirishaji, kazi yangu ni kufuatilia makaratasi ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, yanapita Zambia na kuingia kwenu Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Niko hapa tangu Machi. Ofisi yetu iko mjini katikati, na nimepanga chumba Bel-Air. Kazi naipenda, majirani wamenipokea vizuri, na Kiswahili chenu nimeanza kukizoea. Kinachonisumbua ni chakula cha mchana. Naomba usilione ni jambo dogo, kwa sababu limeanza kuniharibia kazi na afya.

Asubuhi natoka na chai ya rangi tu tumboni. Ikifika saa sita na nusu nina njaa ya kutetemeka mikono. Wenzangu wa ofisini huenda pamoja kwenye mkahawa mmoja wa jirani. Ni pazuri, pana kiyoyozi na vitambaa mezani, menyu ni ya Kifaransa na bei zimeandikwa kwa dola. Kuku na chipsi ni dola 12, maji unalipia mbali. Mwanzoni nilikuwa nakwenda nao kila siku, maana niliogopa waseme najitenga. Mwisho wa mwezi nikapiga hesabu nikakuta chakula cha mchana kinakaribia kodi ya chumba changu. Mimi ndiye ninayemtumia mama yangu pesa ya dawa za presha na kumlipia mdogo wangu ada. Mwezi ule nilituma pungufu, na mama hakuuliza, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Basi nikaacha kwenda. Nawaambia wenzangu nina kazi ya kumalizia, nabaki mezani na biskuti na soda. Saa tisa kichwa kinaniuma, tarakimu zinacheza kwenye karatasi. Bosi ameshanirudishia fomu mbili zenye makosa na kuniuliza kama nina tatizo. Suruali nilizokuja nazo zinanivuka.

Siyo kwamba sijajaribu njia nyingine. Kuna mchana nilinunua nyama ya kuchoma barabarani, ilikuwa imeshachomwa na kupangwa kwenye sinia. Usiku ule sikulala, na kesho yake sikwenda kazini. Mimi pia ni Mwislamu, na nimeambiwa kwenye michopo, yaani nyama choma ya huku, mbuzi na nguruwe huchomwa juu ya wavu mmoja, kwa hiyo tangu siku ile nyama ya barabarani nimeikimbia kabisa. Nikasema nitapika nyumbani. Nikanunua friji ndogo ya mtumba, Jumapili nikachemsha maharage ya wiki nzima. Umeme ukakatika, na Jumatano nilipofungua sufuria yalikuwa yametoa povu.

Karibu na ofisi yetu yuko mama mmoja anayeuza chakula chini ya mwavuli. Ana mabenchi mawili na masufuria makubwa. Madereva wetu wakifika mjini wanakula pale, na ninapopita nawasikia wanacheka. Nimewahi kumwambia mwenzangu mmoja twende tukajaribu, akasema pale ni pa wapakuaji mizigo, mtu wa ofisini mwenye tai hakai pale. Tangu hapo naona haya. Na hata nikienda, sijui niagize nini wala niulize bei vipi nisionekane mgeni wa kupandishiwa.

Nielekeze Mama. Nikila nini, wapi, na kwa utaratibu gani, ili nishibe, nisiumwe, na pesa ya nyumbani iende kamili?

Ni mimi, Mgeni wa Bel-Air

---

Marahaba mwanangu, na karibu Lubumbashi.

Nianze na jibu lenyewe, halafu nieleze. Nenda kwa yule mama wa mwavuli. Mwombe dereva mmoja wa kampuni yenu akupeleke mara ya kwanza, ukae naye benchi moja, umsalimie mama kwa heshima, umwambie wewe ni mgeni na unataka kuwa unakula kwake kila siku ya kazi. Hapa kwetu chakula kizuri cha mchana cha bei nafuu huwezi kukipata kwa kuzunguka leo hapa kesho pale. Unakipata ukishakuwa mtu wa mama fulani, mama anayejua unafika saa ngapi, unakula nini na huli nini. Mpita njia anapewa kilichobaki. Mtu wa kila siku anawekewa chake.

Ushahidi unao tayari, ila umeupita njiani. Madereva. Dereva wa masafa akiharibikiwa tumbo kwenye foleni ya Kasumbalesa, ambako anaweza kulala na lori siku kadhaa, hana choo cha karibu wala mtu wa kumshikia usukani. Watu hao huchagua sufuria kwa makini sana. Wakikaa kwa mama mmoja safari hata safari, wamekwisha kukufanyia uchunguzi.

Sasa kuhusu haya. Hapa nitasema kidogo kwa ukali, na ukali wenyewe si kwako, ni kwa huyo mwenzako aliyesema pale ni pa wapakuaji. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na watu waliojenga nyumba zake walikuwa vibarua. Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, ilikuwa ikiwagawia wafanyakazi posho kila wiki, unga na maharage na samaki na mafuta, na baadaye Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi yake, ikaendelea kutoa unga. Babu zetu na baba zetu walikula bukari (ugali wetu) ya kampuni, wakasomesha watoto, na baadhi ya watoto hao leo wamevaa tai. Kisha Gécamines ikaanguka katika miaka ya 1990, mishahara ikawa haitoki mwezi kwa mwezi, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa mpango ule wa kuondoka kwa hiari. Nani aliyeshika nyumba wakati huo? Ni akina mama, kwa kuuza unga kwa kopo, makala (mkaa) kwa fungu, vitumbua asubuhi na sahani za bukari mchana. Sufuria iliyo chini ya mwavuli ule imesomesha watu wa ofisini wengi kuliko anavyodhani mwenzako. Kaa pale na tai yako, uinyooshe vizuri.

Lakini sikwambii uende macho yamefungwa. Umeshaumwa mara moja, na hofu yako ina sababu. Kabla ya siku ya kula, pita pale karibu saa tano, wakati wateja hawajajaa, usimame kidogo uangalie kazi.

Tazama moto kwanza. Masufuria ya mboga yanapaswa kuwa juu ya mbabula, yaani majiko ya mkaa, zenye makala yanayowaka, yakichemka polepole na vifuniko vikitikisika. Chakula kilichoepuliwa asubuhi kikawekwa chini kikapoa, kikisubiri saa saba, ndicho kinacholaza watu, na hiyo ndiyo nyama uliyokula siku ile. Kosa halikuwa barabara. Ilikuwa nyama iliyochomwa mapema ikakaa kwenye sinia na nzi wakaitembelea. Ukila michopo, kula ile inayokatwa mbele yako ikitoka kwenye wavu inatoa mvuke, na kwa ajili ya dini yako utaona baadaye nitakachokwambia.

Kisha tazama bukari inavyopikwa. Mama anayejua kazi hapiki sufuria moja ya siku nzima. Anapika kidogo, inakwisha, anapika tena. Utamwona amekaa kwenye kigoda kifupi, miguu miwili imebana sufuria isizunguke, maji yamechemka, anatupia unga kwa mkono wa kushoto huku mwiko uko kulia. Kwanza inakuwa uji, anauacha utokote mpaka utoe vipovu vizito vinavyoruka, ndipo anaongeza unga na kuanza kusonga kwa bega zima. Wengine huchanganya mahindi na muhogo, na hiyo inavutika zaidi ya ile uliyoizoea Mbeya. Akimaliza, anachota kwa bakuli lililoloweshwa maji, anazungusha, na donge linaanguka kwenye sahani likiwa laini pande zote. Bukari ya namna hiyo ni vigumu ikuumize, haijapata hata nafasi ya kupoa.

Halafu maji. Kuna jagi na sabuni ya kunawia, na mtu wa kukumiminia? Sahani zinasuuzwa kwenye beseni la pili lenye maji masafi, au zote zinazamishwa kwenye maji yale yale ya kijivu tangu asubuhi? Haut-Katanga ni mkoa ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, kwa hiyo katika jambo la maji usimwonee mtu aibu. Beba chupa yako ya maji yaliyochemshwa nyumbani. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi karibu Aprili, achana na kachumbari na kitu chochote kibichi ambacho hukukiosha wewe. Na wasikudanganye kwamba pilipili inaua wadudu wa tumbo. Pilipili inaongeza utamu, basi.

Kama mama wa mwavuli akishindwa mtihani huu, usirudi kwenye biskuti. Wapo wengine, tena wengi. Zunguka nyuma ya maduka na karibu na masoko, fuata wapakuaji na wanafunzi wanapoelekea saa sita, utaziona malewa nyingine, yaani sehemu za chakula kama ya mama huyu. Vigezo ni vilevile.

Uagize nini? Wewe Mwislamu mambo yako hapa ni mepesi kuliko unavyofikiri, maana mchana wa mtu wa kawaida wa Lubumbashi ni samaki na majani. Anza na Thomson, ule samaki wa baharini unaokuja umegandishwa, unaokaangwa au kupikwa na nyanya na kitunguu. Ndio mboga ya wengi hapa kwa sababu ya bei yake. Ukimla na lengalenga, yaani mchicha, na donge la bukari, mpaka jioni hutatafuta kitu. Siku nyingine chukua kapenta, dagaa wetu, wakiwa wamekaangwa wakakauka au wamepikwa na nyanya. Siku pesa imekonda chukua maharage na wali, au maharage na bukari. Akiwa na samaki wa Kasenga, wa ziwa Mweru, atakuwa ghali kidogo, lakini mle mara mojamoja, mwili unahitaji. Ngaingai nayo ni majani yenye uchachu, inakwenda vizuri sana na samaki mkavu.

Sombe nataka niizungumzie peke yake. Kwenu mnaiita kisamvu. Kwetu hutwangwa, ikachemshwa kwa muda mrefu sana, ikatiwa mawese, kitunguu, wakati mwingine bilinganya na samaki. Ule muda mrefu si mapambo, majani ya muhogo mabichi yana sumu, na kutwangwa na kuchemshwa ndiko kunakoiondoa. Sombe nzuri ni ya kijani iliyokolea, mafuta yameelea pembeni, na ukiitia mdomoni haikwaruzi. Kama bado ina rangi ya majani mabichi na inatafunika kama nyasi, iache na umwambie mama kwa upole kwamba leo utachukua maharage.

Kuhusu nguruwe, sema wazi siku ya kwanza kabisa, tena kwa sauti ya kawaida: "Mama, mimi ni Mwislamu, nguruwe sili, na kijiko kilichoingia kwenye nguruwe nacho naomba kisiingie kwangu." Hatakasirika. Waislamu wamo katika mji huu tangu zamani, na mama anayelisha watu hawezi kushangaa mtu kuwa na mwiko wake. Mwulize pia mafuta aliyokaangia samaki yalikaangia nini kabla. Nyama ya ng'ombe na mbuzi, waulize ndugu zako wa msikitini bucha wanayonunua na wapi wanapokula wao. Watakuonyesha kwa siku moja, na huenda ukapata mwaliko wa pilau humo humo.

Kuna jambo moja la mboga za majani ambalo wageni hawaambiwi. Tanuri la shaba la hapa liliwaka mara ya kwanza mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulibebwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa mtaa wa Penga Penga. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamepima udongo na mboga za maeneo kama hayo wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadimiamu. Siyo sababu ya kuacha kula majani, ukiyaacha utaumwa zaidi. Ni sababu ya kubadilisha majani, leo lengalenga, kesho sombe, kesho kutwa maharage, na ya kuuliza mboga imetoka bustani ya wapi. Unapopika mwenyewe, osha kwa maji mengi, vumbi likishikamana na jani linakwenda nalo tumboni.

Sasa pesa. Hapo ndipo ulipoumia. Bei iliyoandikwa kwa dola katika mji huu ni ishara kwamba chakula hicho kimekusudiwa watu wanaolipwa kwa dola na wasiohesabu. Mama wa mwavuli anapiga bei kwa falanga za Kongo. Badilisha dola zako mara moja kwa wiki kwa mtu anayefahamika na wenzako, hesabu noti mbele yake, na uhakikishe dola zako hazina mpasuko hata mdogo, maana hapa zitakataliwa. Omba upewe noti ndogo. Ukifika kwa mama mchana na noti ya 20,000, unamsumbua, hana chenji, na utaona umepandishiwa kumbe amekosa tu cha kukurudishia.

Bei uliza kabla ya kukaa, hata madereva wanauliza. Husemi "chakula bei gani", unasema "Mama, bukari na Thomson leo ni ngapi?" Hilo neno "leo" linamwonyesha kwamba unajua bei hubadilika. Siku ya kwanza utasikia dereva anaambiwa ngapi, nawe utalipa hiyo. Ukishakula hapo kama wiki mbili na mmeaminiana, mwombe mfanye malipo ya wiki. Jumatatu unampa pesa ya siku tano, mkononi au kwa simu kama ana M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, naye anakuhesabia. Mama anapata mtaji wa kwenda sokoni alfajiri bila kukopa, wewe unapata sahani ya uhakika na mara nyingi kipande cha samaki kinakuwa kikubwa. Wiki, mwanangu, usilipe ya mwezi. Mwezi ni mrefu, mtoto wake anaweza kuugua, pesa ikaondoka kwa nia njema kabisa na wewe ukabaki na lawama.

Kuna siku utakuta donge limepungua au bei imepanda ghafla, nawe utadhani umeanza kuibiwa. Kabla ya kununa, uliza mfuko wa unga unauzwaje. Lubumbashi inategemea sana mahindi ya Zambia, yanayopita mpaka uleule wa malori yako. Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na Zambia ikibana unga wake, sufuria za hapa zinajua siku hiyohiyo. Wewe unayeshughulika na makaratasi ya mpakani ndiye unayeweza kumwambia mama habari mapema.

Twende kwa wenzako wa ofisini. Umewaambia una kazi ya kumalizia. Acha kusema hivyo, kwanza kwa sababu siyo kweli, na pili kwa sababu watadhani unawakimbia, jambo uliloliogopa tangu mwanzo. Waambie: "Nina mama na mdogo wangu ninaowatumia pesa Mbeya, mkahawa kila siku siuwezi. Tutakwenda pamoja siku ya mshahara." Watu wa Lubumbashi wana mzigo wa ndugu kama wewe, hakuna ofisi ambayo mtu halishi watu kumi nyumbani. Usishangae mmoja akikufuata kimyakimya kwenye mwavuli. Na kama kazi imebana kweli, nunua gamela yenye kifuniko cha kubana, umpigie mama saa tano na nusu, akujazie, kijana akuletee. Mkiwa watatu au wanne mnaochukua kwake, mletaji mnamlipa kwa pamoja.

Nyumbani usikate tamaa, badilisha tu utaratibu. Friji katika mji ambao SNEL, shirika letu la umeme, inakata umeme itunze maji ya kunywa, usiikabidhi maharage ya wiki. Nunua mbabula na kiroba cha makala. Nunua mapema, kabla mvua haijashika, kwa sababu makala hupanda wakati wa mvua. Pika jioni kinachotosha jioni ile. Vinavyolala salama bila friji ni vikavu, yaani karanga za kukaanga na kapenta wakavu. Mayai nayo yachemshe asubuhi ya siku ileile. Siku mama hayupo, kuna msiba au mvua imemfukuza, hivyo vinakuokoa. Muhogo na karanga kutoka kwa wauzaji wa njiani nao ni mlo wa heshima hapa, na kipande cha chikanda, ule mkate wa mizizi ya okidi na karanga, kinashibisha kuliko kinavyoonekana.

Na hiyo chai ya rangi tupu asubuhi, naomba uiache leo. Njaa yako ya saa sita inaanza saa kumi na mbili. Kunywa uji, au nunua vitumbua vya moto kwa mama wa kona yako pale Bel-Air, ongeza ndizi. Ukifika mchana ukiwa umekula kitu, utachagua chakula kwa akili, na hata donge moja dogo litakutosha.

Kuna mambo mawili yamenikaa moyoni katika barua yako. La kwanza, kupungua mpaka suruali zinavuka, na kichwa kuuma kila siku. Huenda ni njaa, lakini unaishi penye malaria na homa ya matumbo. Wiki hii nenda kituo cha afya, wakupime, usisubiri. La pili ni mama yako. Alipopokea pesa pungufu akanyamaza, wewe ukajiadhibu kwa biskuti. Mpigie. Mwambie ukweli kwamba mchana wa mji mgeni ulikushinda na sasa umepata pa kula. Dawa za presha atazinunua kwa amani zaidi akijua mtoto wake ana mahali anapokula. Hakuna mama anayetaka pesa iliyotoka kwenye njaa ya mwanawe, nakwambia kama mzazi.

Jumatatu, basi, pita kwa mama saa tano uangalie. Ukiridhika, mchana nenda na dereva. Kama Thomson wamekwisha siku hiyo, usichukue nyama kwa sababu ya kuona haya kukataa. Chukua maharage, na kabla hujaondoka umwombe akuwekee samaki wa kesho.